Unyayo wa Kwale kwenye Mpini

Visu vyote vilivyotoka mikononi mwa Kinoo vilikuwa na makovu, na wateja wapya walilalamika. Mtu ananunua kisu kipya cha kuwindia, anakitoa kwenye ala ya ngozi, anakigeuza kwenye mwanga, anakuta vidoti vimejipanga pande zote mbili za bapa kana kwamba kuna mtoto amekiuma. Anarudi karakana amefura. Kinoo alimsikiliza huku mikono ikiendelea na kazi, kisha akamuuliza, "Wewe ulipomaliza shule ulipewa cheti, hukupewa?"

Mteja anasema alipewa.

"Basi hicho ndicho cheti chake. Kimefanya mtihani, kimefaulu. Kama unataka kisichofanya mtihani, maduka yamejaa, nenda."

Makovu yale yalikuwa meno ya jiliwa, chuma kizito cha kubania kilichofungwa kwa bolti kwenye meza nene tangu enzi za baba yake. Kisu kikishapikwa kwenye tanuru, kikazimwa kwenye mafuta, kikanolewa na kutiwa mpini, kilibanwa humo upande wa ncha, mpini ukavutwa mpaka chuma kipinde vya kumtia wasiwasi mwenyewe, kisha kikaachiwa. Kikirudi kikanyooka, ni kizima. Kikibaki kimepinda, kinarudi motoni. Kikikatika kinaingia kwenye ndoo, na hapo hakuna mjadala wala rufaa. Kilichofaulu ndicho kilichogongewa ribiti ya mwisho, msumari wa shaba unaoushika mpini, na juu ya kichwa cha ribiti hiyo Kinoo aliweka chapa ndogo na kuipiga nyundo mara moja. Ukabaki unyayo wa kwale, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Baba yake ndiye aliyeuchora. Mzee alikuwa akisema kwamba unyayo hauwezi kuwepo kabla ndege hajapita, na binti yake akalishika neno hilo kama wengine wanavyoshika dini.

Jina la Kinoo alipewa na wafanyakazi, kwa sababu kila aliyegusana naye aliondoka ama amenoleka ama amelika. Aliingia karakana akiwa na miaka kumi na sita, na sasa alikuwa na sitini na mitatu. Kaka yake alipofariki, karakana ikawa ya mtoto wa kaka, kijana mtu mzima aliyekuja kazini na shati jeupe katikati ya makaa na vumbi la chuma. Siku hiyo hiyo wakambatiza Mkurugenzi. Kwanza lilikuwa jina la mzaha, baadaye likamkaa kweli, maana hakuwa mjinga. Alikuta karakana iko mahututi, akaleta tanuru la umeme na mashine ya kusagia, akatembea ofisi za watu na mkoba kwapani. Wafanyakazi kumi na wanne walikula kwa miguu yake.

Halafu akachora kisu kipya.

Na tuseme ukweli, kisu kilikuwa kizuri. Hata Kinoo, ambaye kumsifu mtu kwake kulikuwa kama kung'olewa jino, alikishika akanyamaza, na wanaomjua walijua maana ya ukimya ule. Hakikuwa kisu cha kukunja, chenye bawaba ya kulegea siku unayoihitaji. Kilikuwa chuma kimoja, urefu wa shibiri moja pamoja na mpini, mgongo mnene wa kuhimili kupasulia kuni. Ncha ilishushwa kidogo ili isitoboe utumbo wa mnyama wakati wa kuchuna, na wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe. Bapa lilipakwa rangi nyeusi lisimwake juani. Mpini ulikuwa wa mpira wenye mifereji, mkono usiteleze ukiwa na mvua au damu, na mwishoni mwake kulikuwa na matundu mawili ya kamba. Mkurugenzi alikiita Chui.

"Ribiti iko wapi?" Kinoo aliuliza.

"Hakina ribiti, Shangazi. Mpira unamiminwa kwenye kalibu, chuma kikiwa ndani yake."

"Na unyayo?"

Mkurugenzi alikigeuza kwa fahari. Unyayo ulikuwa umechomoza kwenye mpira, vidole vimenyooka, mzuri kuliko uliopigwa kwa nyundo. "Umo kwenye kalibu," alisema. "Kila mpini unazaliwa nao."

"Na jiliwa?"

Hapo kijana akajikuna shingo. "Jiliwa litachubua rangi. Wanunuzi wanataka kisu kisafi. Na tanuru hili lina kompyuta, Shangazi, si kama lile la kukisia kwa macho. Tutapima kimoja katika kila hamsini."

"Na vile arobaini na tisa?"

"Vitakuwa sawa na hicho kimoja."

"Wewe na dada yako mmetoka tumbo moja, mwanangu. Mmefanana?"

Wafanyakazi walicheka, maana dada mtu alikuwa mpole kama maji ya mtungi. Mkurugenzi hakucheka. Alitoa boksi la karatasi ngumu akaliweka mezani, na juu ya boksi Kinoo akajiona mwenyewe, amevaa aproni yake ya ngozi, ameinua nyundo. Picha ile aliambiwa ni ya kalenda. Chini yake pameandikwa: Kila kisu kimepita mikononi mwangu.

Aliyasoma maneno yale mara mbili. Maisha yake yote hakuwahi kuvikwa kilemba cha ukoka kikamkaa namna ile, na picha yenyewe, la kuudhi zaidi, ilikuwa imempendeza.

"Haya maneno nimeyasema lini?"

"Ni matangazo tu, Shangazi."

"Nimeyasema lini?"

Mkurugenzi alishusha sauti. Alieleza kwamba askari wa wanyamapori wameagiza visu mia mbili, kwamba wakiridhika wataagiza tena, na kwamba kazi hii ikipotea karakana inafungwa. Yote yalikuwa kweli, na Kinoo alijua ni kweli. Kisha akaongeza neno ambalo lingekuwa heri angelimeza. "Unyayo ni mali ya karakana, Shangazi, si wa mtu mmoja. Na umri wako unaruhusu kupumzika. Hakuna atakayekulaumu."

"Unanifukuza kwa adabu," Kinoo alisema, akavua aproni, akaitundika msumarini. "Angalau umelelewa vizuri."

Nyumbani alimkuta mumewe barazani akishona soli ya kiatu. Mumewe aliitwa Mzee Nane na mtaa mzima, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole vitatu. Alikuwa ameizoea hali yake mpaka akaifanya mtaji wa mzaha. Akienda kununua maandazi anasema anataka kumi, anainua mikono yote miwili, muuzaji anahesabu na kumpa manane, wanacheka wote. Ukimuuliza vidole vimekwenda wapi, anakuambia vilikwenda na mtego wa chuma porini, zamani, alipokuwa mwindaji mwenye kibali chake. Alikuwa na hadithi nzima ya mtego huo, na kila mwaka mtego uliongezeka meno.

Hapakuwa na mtego. Watu wawili tu duniani walijua hivyo, na wote wawili walikuwa barazani jioni ile.

Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, baba yake akiwa kitandani mgonjwa, Kinoo alitengeneza kisu cha mchumba wake. Alikisugua siku tatu mpaka akaweza kuona nyusi zake kwenye bapa. Ilipofika zamu ya jiliwa, alikibana, akatazama yale meno yakikaribia chuma kinachong'aa vile, na moyo ukamgoma. Angempaje mchumba wake kisu chenye makovu siku ya posa? Akalifungua jiliwa. Akapiga unyayo. Hakuna mtu wa kazi nyingine ambaye angefanya kosa hilo. Hata muuza visu wa kawaida angekijaribu angalau kwenye ubao. Yeye alikuwa fundi, na alikipenda mno.

Miezi miwili baadaye mchumba alikuwa akikata nyonga ya kulungu, mkono wa kushoto umeshika paja, uzito wote juu ya mpini. Chuma kikakatika pale kinapoingia kwenye mpini, na kigutu kilichobaki kikamshukia mkono. Akarudi mjini akiwa amefunga mkono kwa shati, na kwa kila aliyemuuliza akasema ni mtego. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Alimwoa Kinoo mwaka ule ule, na mpini wenye unyayo akautupa mtoni kwa mkono wake mzima.

"Kijana anataka unyayo utoke kwenye kalibu," Kinoo alimwambia sasa.

Mzee Nane alivuta uzi, akaufunga fundo kwa meno. "Nimesikia. Mtaa hauna siri." Akamtazama. "Utafanya nini?"

"Siku moja kabla ya askari kuvichukua visu ni ya mapumziko, karakana haitakuwa na mtu. Na funguo bado ninazo. Una kazi?"

"Nilikuwa nimepanga kulala."

"Utalala ukifa."

Siku hiyo ilipofika, visu vyote vimeshakamilika, walikwenda asubuhi jua likiwa limeshapanda, mchana kweupe, maana Kinoo hakuwa mwizi. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani, sura yake imeinua nyundo mara mia mbili. Mzee Nane alifungua boksi na kumpa kisu, Kinoo akaukwangua unyayo kwenye mpira kwa kisu chake cha zamani, Mzee Nane akakirudisha. Pale palipokuwa na unyayo palibaki baka la kijivu kama kovu la kuungua. Makali hakuyagusa. Rangi hakuichubua. Kufikia adhuhuri kiganja chake kilikuwa kimeota lengelenge, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu ujana.

"Watakufukuza," Mzee Nane alisema.

"Wanifukuze nikiwa na jina langu."

Siku ya pili yake askari wa wanyamapori walifika na malori mawili. Walikuwa ishirini na kitu, na mkuu wao alikuwa bwana mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia. Kiunoni alikuwa na Chui tayari. Mkurugenzi alikuwa amempelekea cha mfano wiki moja kabla. Wafanyakazi walikuwa wamefagia karakana na kuitia maji sakafu. Kinoo alikuja na aproni yake, akasimama karibu na jiliwa. Mkurugenzi alipomwona alitabasamu kwa shukrani, maana alidhani shangazi amekubali yaishe.

Alihutubia kidogo. Kisha akafungua boksi la kwanza, akatoa kisu, akakigeuza ili wageni waone alama. Akaona baka. Akafungua boksi la pili. Akafungua la tatu, na la nne, na uso wake ukawa unabadilika kwa kila boksi. Mwishowe akamgeukia Kinoo mbele ya wageni wale wote.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimechukua kilicho changu. Visu vyenu viko salama, hesabuni."

"Umeharibu mali ya watu!"

"Mali gani? Makali yapo, mpini upo, kamba itapita. Kilichotoka ni ushahidi wangu, na mimi sijashuhudia kitu."

Mkuu wa askari aliuliza kuna nini hapa. Mkurugenzi, ambaye damu ilikuwa imemchemka, alirudi kwenye maboksi. Alichukua kisu kimoja, akakibana kwenye jiliwa mwenyewe, akaushika mpini kwa mikono miwili na kuvuta. Chuma kikapinda. Kikapinda zaidi, mpaka askari mmoja akarudi hatua nyuma. Kijana akakiachia, na kisu kikarudi kikanyooka, kama vile hakijaguswa. Askari wakapiga makofi. Wafanyakazi nao wakapiga makofi, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu, na ni lazima tukubali kwamba Mkurugenzi alistahili.

"Umeona, Shangazi?"

"Nimeona," Kinoo alisema. "Kisu kizuri sana hicho. Nipe."

Alikitoa kwenye jiliwa. Bapa jeusi lilikuwa na safu mbili za vidoti vyeupe. Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa ribiti ya shaba, akaipitisha kwenye tundu moja kati ya yale mawili ya kamba, akaigonga ikakaa. Akaweka chapa. Akapiga nyundo mara moja. Kisha akamkabidhi mkuu wa askari kisu chenye unyayo wa kwale, unang'aa mwekundu kwenye mpira mweusi.

"Hiki nimekiona. Leteni kingine."

Mkuu alicheka. "Mama, vimetoka mashine moja. Kimoja kikiwa kizima, vyote vizima. Malori yananingoja."

"Yangoje."

"Shangazi, tafadhali," Mkurugenzi alisema, na safari hii hakuwa akiamrisha.

Kinoo aliwatazama wote, kisha akatazama mlangoni, ambako Mzee Nane alikuwa amesimama na kofia yake kifuani. Kabla hajafungua kinywa mume wake alishajua, akaanza kutikisa kichwa. Kinoo alipiga moyo konde.

"Nina miaka arobaini na zaidi nikipiga unyayo huu," alisema. "Visu vyote nilivipinda isipokuwa kimoja. Kilikuwa kizuri kuliko hivi. Kiling'aa, na mimi sikutaka kukichubua, nikakigongea unyayo bila kukijaribu, nikampa mtu. Mume wangu, njoo uwaonyeshe mkono."

"Ni mtego," Mzee Nane alisema haraka. "Mtego wa chuma. Kila mtu anajua."

"Wanajua kwa sababu umewadanganya. Miaka yote hiyo mtu huyu amebeba uongo ili jina langu lisichafuke. Mimi nimeunyamazia kwa sababu ulinifaa." Aliweka kiganja juu ya jiliwa. "Hapakuwa na mtego. Ni mimi."

Mkurugenzi aliutazama mkono uliompakata alipokuwa mtoto, mkono aliouliza habari zake mara ngapi sijui, na kila mara akapewa mtego wenye meno mengi zaidi. Mzee Nane alivaa kofia yake, akaivua tena.

Askari mmoja wa makamo ndiye aliyesogea kwanza. Alikwenda kwenye maboksi, akachagua kisu, akakileta mezani. "Mimi ndiye nitakayelala nacho porini," alisema. "Kipinde, mama."

Wakajipanga, kila mmoja na kisu alichojichagulia. Mkuu wao alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama saa. Kinoo aliweka kisu, Mzee Nane akasogea kuzungusha mkono wa jiliwa kwa vidole vyake vilivyobaki, Kinoo akavuta. Cha pili kikarudi. Cha tatu kikarudi. Cha tano, cha saba, vyote vikanyooka, vikapata ribiti na unyayo. Kwenye cha tisa wakaanza kunong'ona. Kwenye cha kumi mtu nyuma alisema bibi anawapotezea muda, na wenzake wakacheka, na Kinoo alisikia vizuri kabisa. Kama vyote mia mbili vingerudi wima, alijisemea, basi wangecheka mara mia mbili, na yeye angevuta mara mia mbili.

Cha kumi na moja kilikuwa cha askari mwanamke, mrefu, mchangamfu, aliyekuwa akicheka na wenzake. Kinoo alivuta. Hakikupinda hata nusu ya vile vingine. Kilitoa mlio mdogo, mkavu, na Kinoo akabaki ameshika mpini wenye kigutu. Kilikatika pale chuma kinapoingia kwenye mpira.

Alikitupa kwenye ndoo.

Askari yule mwanamke alitazama ndoo. Kisha akauinua mkono wake wa kushoto, akaukunja, akaukunjua, akapitisha kidole gumba juu ya ncha za vidole vyake, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Akaenda kuchagua kisu kingine na kurudi kwenye mstari bila kuambiwa.

Mkurugenzi alivua saa. Akakunja mikono ya shati lake jeupe mpaka juu ya viwiko, akasogea kwenye jiliwa, akamgusa shangazi yake bega. "Nivute mimi," alisema. "Wewe piga nyundo."

"Vuta vizuri, usikihurumie."

Akavuta cha kumi na mbili.

Hapo ndipo mkuu wa askari alipoacha kutazama saa. Alifungua ala kiunoni, akatoa kisu chake cha mfano, akapita mbele ya askari wake wote na kukiweka mezani. Kinoo alikigeuza. Unyayo ulikuwa bado umechomoza kwenye mpira, safi, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, unashuhudia jambo ambalo haukuliona. Alichukua kisu chake cha zamani akaukwangua mpaka ukaisha, akapuliza vumbi la mpira, akamrudishia mwenyewe.

"Mwisho wa mstari, baba," alisema.